Punguza Redio

Wewe ulisikia. Usiniambie ulikuwa umelala. Ukuta ule ulikuwa wa mbao tupu. Mtu akipiga chafya upande wa pili, ulimwitikia, "Afya!" Lakini mwanamke alipolia, ukawa kiziwi. Ukasema, "Ya mke na mume, mimi simo."

Ugonjwa ulipita. Barakoa tulizitupa. Kilio kile hatujakisahau.

Katika ua wetu alikaa fundi cherehani na mumewe, dereva wa basi, na binti yao mdogo. Kila asubuhi dereva alikwenda kazini. Fundi alikaa mlangoni na cherehani yake, tiki-tiki-tiki mpaka jioni. Kisha ugonjwa ukaja na mabasi yakasimamishwa. Dereva akashinda ndani. Watu wakataka barakoa, kwa hiyo sasa aliyelisha nyumba ni fundi. Hilo dereva hakulimeza.

"Siku hizi wewe ndiye baba humu?" aliuliza.

"Nimesema karibu chakula tu, baba watoto."

"Umesema kwa sauti ya mwenye nyumba!"

Sahani ikaruka. Kofi likafuata.

Jirani wa ukuta mmoja alikuwa mjane, muuza mkaa. Tulimwita Mama Redio. Kipigo kikianza, aliongeza sauti ya redio. Na redio ilitangaza, "Kaeni nyumbani. Nyumbani ni salama." Salama ya nani?

Fundi alimpigia simu mama mkwe.

"Vumilia, mwanangu. Mvumilivu hula mbivu."

Mbivu zipi? Alichokula ni ngumi!

Siku moja dereva alisema atauza cherehani. Fundi aliikumbatia asiiachie. Akaamka kesho yake na mkono umevimba.

Asubuhi hiyo alipita mhudumu wa afya, akipima watu homa nyumba kwa nyumba. Aliuona ule mkono. Mbele ya mume hakuuliza kitu.

"Shemeji, wewe umeshapimwa, ingia ndani. Kila mtu anapimwa peke yake."

"Hata mke wangu?"

"Kwani homa inajua ndoa?"

Dereva akaingia akinung'unika. Mhudumu akamsogeza fundi mpaka penye magunia ya mkaa ya Mama Redio.

"Nani kakufanya hivi, dada?"

"Niliteleza."

"Walioteleza nawajua, hawaumii hivi. Mimi sikulaumu. Niambie, unataka nini?"

Fundi aliitazama cherehani pale mlangoni. Kisha akasema, "Nataka kuondoka na mwanangu. Na cherehani yangu. Bila hiyo tutakula nini?"

Mama Redio, aliyekuwa akipima mkaa pale pale, akadakia, "Lakini na wewe, mwanangu, ungepunguza mdomo..."

"Mama!" mhudumu alimkata. "Mdomo wake haujavimbisha mkono wa mtu. Mwenye kosa ni anayepiga. Wewe punguza redio!"

Mama Redio aliinama. Fundi akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza.

"Basi hilo ndilo liwe neno letu," alisema. "Nikisema 'punguza redio', mjue yamenifika."

Mhudumu akawaelekeza. Fundi afiche kwa jirani kitambulisho, kadi ya kliniki ya mtoto na nguo chache. Majirani waambiwe, wale wa kuaminika tu. Neno likisikika, asiende mtu mmoja. Waende wengi, wasigombane na dereva, na mmoja ampigie yeye simu.

"Na amri ya kutotoka nje?" aliuliza Mama Redio.

"Anayekimbia kipigo hazururi. Anajiokoa."

Haukupita muda. Mchana mmoja dereva aliinua cherehani aipeleke kwa mnunuzi. Fundi akamzuia. Ngumi ikashuka.

"Mama, punguza redio! Nakosea mishono!"

Mama Redio hakuipunguza. Aliizima. Ua mzima ukashtuka kwa kimya kile.

"Hodi! Nimefuata barakoa yangu," alisema kinyozi mlangoni.

"Na mimi yangu," alisema dobi.

Wakaja wengine. Wakapanga foleni, kila mmoja mbali na mwenzake kama tulivyoamriwa. Hakuna aliyetukana. Hakuna aliyeondoka.

"Hazijawa tayari!" dereva alifoka.

"Tutasubiri, shemeji."

Mkono wa dereva ulikuwa bado juu. Aliitazama foleni. Akaushusha.

Fundi akatoka na mtoto. Kinyozi na dobi wakabeba cherehani.

Mhudumu alifika mbio. "Twende hospitali kwanza. Usioge, usibadili gauni. Daktari aandike anachokiona. Kisha polisi."

Kituoni askari alipiga miayo. "Kayamalizeni nyumbani."

"Nyumbani ndiko tulikotoka, afande," alisema Mama Redio. "Andika." Akavuta kiti, akakaa. Askari akaandika.

Dereva alifikishwa mahakamani. Fundi na bintiye walihamia chumba kingine, ng'ambo ya barabara. Ukipita pale utasikia, tiki-tiki-tiki. Mtoto analala usingizi mzito, hashtuki mlango ukigongwa.

Sasa zamu yako. Yule jirani unayemjua, ndiyo, huyo huyo uliyemfikiria sasa hivi, hana foleni mlangoni. Usimwambie avumilie. Mtafute akiwa peke yake, muulize anataka nini, kisha waite wenzako. Funga kitabu hiki. Zima redio. Nenda!