Bomba la Mugango

Picha ilitokea kabla Mwanahalima hajaunga waya wa njano.

Aliutazama tena waya ule mkononi mwake. Ncha aliimenya vizuri, na haikugusa kitu. Mwekundu na mweusi zilikuwa kwenye betri ya gari, zikiipa kamera ya roboti moto. Wa njano ndio hupeleka picha kwenye deki ya video, na deki huipeleka kwenye televisheni yake ya zamani, isiyo na tundu jingine ila la antena. Hata hivyo kioo kilishaonyesha ndani ya bomba: matope, kutu, giza.

"Utakuwa umegusisha mahali," Fatu alinong'ona.

"Sijagusisha, wifi."

Walikuwa kwenye nyumba ya pampu, Mugango, saa tisa mchana. Miaka minne nyuma Yunusu, kaka yake Mwanahalima na mume wa Fatu, aliamriwa kuingia bomba hili azibue matope. Hakutoka. Ofisi ya mradi wa maji haikumtafuta. Iliandika kwenye faili lake neno moja, mtoro. Kisha mradi ukafa, wakubwa wakagawana mpaka viti, ikabaki roboti ya kukagulia mabomba, skrini yake imeshachukuliwa. Fatu akabaki si mke, si mjane. Maalimu Salum alimwambia wazi kwamba bila ushahidi wa kifo hawezi kumwingiza eda. Leo amekuja kushuhudia, na jenereta ya msikiti kaileta yeye, maana umeme ulikuwa wa mgao.

Wambura, mlinzi, aliwapa ufunguo akabaki barabarani. "Humo siingii," alisema. "Kunabishwaga hodi kutoka ndani ya bomba."

Mwanahalima aliunga waya wa njano. Picha haikubadilika. Akaisogeza roboti mbele, mita kwa mita, akihesabu alama za kebo. Kwenye mita ya ishirini ikaja harufu, kwanza ya tope na samaki furu waliooza, halafu, juu yake, taratibu kama mtu anayefungua chupa nyuma ya mlango, mafuta ya halwaridi ambayo Yunusu alikuwa akijipaka kila Ijumaa na ambayo Fatu hakuwa ameyanusa tangu siku ile alipomfulia kanzu ya mwisho akaianika, akaianua, akaikunja, akaiweka sandukuni isivaliwe tena.

Kwenye kioo akatokea mtu. Alikuja akitembea wima, ndani ya bomba ambalo mtu mzima hupita kwa kutambaa.

"Ni yeye," Fatu alisema.

"Tulikuja kuona maiti," Maalimu alijibu. "Maiti haitembei, binti yangu."

Mtu yule aliinua mkono. Kidole cha mwisho hakikuwepo. Yunusu alikatwa kidole hicho na feni ya pampu, mkono wa kushoto. Fatu akaanza kulia. Mwanahalima hakulia, alikuwa akipima pande. Kamera humwonyesha mtu kama anayesimama mbele yako, mkono wake wa kushoto ukiwa kuliani kwako. Huu ulikuwa kushoto kwa Mwanahalima. Kinachogeuza pande hivyo si kamera. Ni kioo cha kujitazamia.

Basi mtu huyu hakuwa ndani ya bomba. Alikuwa humu chumbani, nyuma yao.

"Wifi, usigeuke," alisema, akang'oa nyaya zote, akazima jenereta.

Kwenye kioo cheusi cha televisheni walionekana wenyewe: yeye, Maalimu, na Fatu juu ya kreti. Nyuma ya Fatu alisimama wa nne, mkono wake begani. Mwanahalima aligeuka. Palikuwa na ukuta mtupu.

Maalimu alianza kusoma. "Si yeye, Fatu," alikatiza kisomo. "Ni jini limevaa sura yake, na jini huvaa sura ya aliyekufa. Ushahidi huo unanitosha. Nitakutolea jini hilo, na eda utaingia leo."

Fatu hakuondoa macho kwenye kioo. Alilaza shavu pembeni, begani, kama anayelalia mto.

"Ofisi haikumrudisha," alisema. "Wala nyinyi. Huyu kaja. Eda isitangazwe, Maalimu. Mimi nina mume."

Kwenye bega la kanga yake, pakavu dakika moja nyuma, maji ya tope yalikuwa yakienea kutoka kwenye alama za vidole vinne.