Aliyeimba Mwanzo

"Trei arobaini?" Msichana wa mayai aliweka mikono kiunoni. "Kaka, una harusi au una kambi ya jeshi?"

"Sina harusi. Nataka trei tupu, dada. Mayai baki nayo."

"Trei bila mayai! Sasa utaatamia nini, hewa?"

Wauza mayai wote wa safu ile wakaangua kicheko. Ilikuwa Jumamosi, Soko la Majengo limefurika, wapagazi wanapiga miluzi wapishwe na magunia yao ya mtama, na Silvano kasimama katikati ya njia na shati lake jeupe lililonyooshwa pasi, anasukumwa huku na huku, hajui aweke wapi uso.

"Tunarekodi muziki nyumbani," alieleza. "Chumba kina kuta tupu, sauti inagonga inarudi, tunasikika kama tumo pangoni. Trei ukizibandika ukutani zinaimeza."

"Haya bwana. Mwaka huu hata mayai yataimba."

Aliinama kuzikusanya. Alivaa gauni la kitenge cha buluu chenye maua ya manjano, kilemba cha kitambaa hicho hicho, na raba nyeupe zilizokwisha kuwa nyekundu kwa vumbi la Dodoma. Akifunga kamba, alianza kuimba kwa chini wimbo wa kanisani, kama mtu anayejiimbia mwenyewe jikoni. Silvano alisahau trei. Sauti ile haikupanda kwa nguvu. Ilipanda kama moshi asubuhi isiyo na upepo, wima, bila kutikisika.

"Dada, unaimba wapi?"

"Kwaya. Sauti ya kwanza. Kwani nawe huimbi?"

"Naimba."

"Basi imba nikusikie, nikupunguzie bei."

Aliimba mstari mmoja pale pale. Wauza mayai wakapiga makofi, na msichana, ambaye jina lake lilikuwa Ruthu, akatikisa kichwa akicheka. "Nimekuongezea trei mbili. Moja ya sauti, moja ya ujasiri."

Ndivyo mapenzi yao yalivyoanza. Kufikia masika, Ruthu alikuwa anapita Makole, nyumbani kwa Silvano, kila Jumamosi akitoka sokoni, na majirani walikwisha kumzoea.

Mwaka ule, tisini na sita, maduka ya mjini yalikuwa yamejaa redio kutoka Dubai, na mtu aliyetaka kusikika hakulazimika tena kusubiri studio ya Dar es Salaam. Silvano alikuwa na deki mbili za kanda, kipaza sauti kimoja, na chumba cha uani katika nyumba ya marehemu baba yake. Yeye alipiga gitaa na kuimba; wenzake katika bendi walikuwa Jamaldini wa kinanda na Anthony wa besi, na dramu walipokezana. Walirekodi alasiri upepo ukitulia, kwa sababu upepo ukivuma bati lilipiga kelele kuliko dramu.

Namna yao ya kurekodi ilikuwa hivi. Wa kwanza anarekodi katika deki moja. Kanda ile inachezwa, wa pili anapiga au anaimba juu yake, na deki ya pili inawanasa wote wawili pamoja. Kisha hiyo nayo inachezwa, wa tatu anaongezwa. Kila anapoongezwa mtu, waliotangulia wanarudi nyuma hatua moja, na mvumo wa kanda unawafunika. Kwa hiyo dramu hutangulia, maana dramu haizimiki. Sauti huja mwisho. Aliyetangulia ndiye anayezama, na hilo Silvano alilijua kama anavyojua jina lake, kwa kuwa yeye ndiye aliyewafundisha wenzake.

Siku ya kurekodi wimbo wao mkubwa, walifanya kwanza mazoezi. Silvano alipoimba, majirani waliendelea kuanua nguo zao. Ruthu alipoimba, wakaja uani. Mama mmoja alisimama na beseni kichwani mpaka wimbo ukaisha, akasema, "Huyo binti! Huyo kijana naye ajifunze."

Ni maneno ya mama mwenye beseni tu. Lakini yalimwingia Silvano kama mwiba wa mgunga, na hakuwa na moyo wa kuuchomoa.

"Ruthu kipenzi," alisema wakirudi chumbani, "utaanza wewe. Imba na gitaa peke yake, uwe na nafasi."

Jamaldini aliinua kichwa. "Shemeji atangulie? Si sauti huwa—"

"Nyamaza, Jamal. Nani fundi hapa?"

Ruthu aliimba akiwa amefumba macho. Juu yake wakapanda dramu, besi, kinanda, kinanda tena, na mwisho kabisa, karibu na kipaza sauti kiasi cha kukilamba, Silvano. Waliposikiliza, yeye alikuwa mbele, mzito, mtamu. Ruthu alikuwa mbali, kama mtu anayeita toka ng'ambo ya korongo.

"Ndiyo mimi huyo?" aliuliza.

"Ni mashine," alisema Silvano. Angeishia hapo ingekuwa afadhali. "Sauti yako nzuri, mpenzi, ila nyembamba. Haishiki kwenye kanda. Ziko sauti za namna hiyo."

"Aa," alisema Ruthu, na akacheka kidogo. "Basi angalau yako imeshika."

Kanda ikaenda. Walizinakili moja moja, Anthony akazipeleka kwenye vibanda vya Majengo, na haukupita mwezi wimbo ukawa unapigwa sokoni toka asubuhi. Vijana walimpungia mkono: "Silva sauti ya asali!" Kila alipoitwa hivyo aliinamisha kichwa. Watu wakasema kijana mpole yule, hana majivuno.

Jumapili ya Pasaka alikwenda kanisani kwao Ruthu amsikilize. Kwaya ilisimama na majoho yake ya zambarau, na sauti ya kwanza ilikuwa na pengo. Ruthu alikuwa ameketi benchi la nyuma, kati ya akina mama wenye watoto, mdomo umefungwa.

Nje alimfuata mbio. "Mbona hukuimba?"

"Nimerudisha joho."

"Kwa nini, Ruthu?"

"Silva, si wewe uliniambia?" Aliyasema kwa upole, bila lawama, na upole ule ndio uliomchoma. "Nimefikiri sana. Watu wa kanisani wananipenda toka mtoto, watanisifu tu. Mtu anaweza kukusifu kwa huruma. Mashine haina huruma."

Hapo ndipo mahali pa kusema. Watu walikuwa wanasalimiana, jua linawaka, hakuna aliyewasikiliza. Silvano akafungua kinywa, na kilichotoka ni hiki: "Usijali, mpenzi. Kila mtu na kipaji chake."

Toka saa ile chakula hakikumshuka. Alijiona mwizi, tena mwizi anayemsaidia mwenye mali kutafuta. Siku ya nne alikwenda sokoni.

"Ruthu, twende pembeni, nina neno."

"Lisemee hapa, nina wateja. Au unataka trei tena?"

Wenzake Ruthu wakaanza kucheka, kisha wakauona uso wa Silvano wakaacha. Silvano akasema yote, pale pale, mbele ya mayai na wauza mayai: nani hutangulia, nani huzama, mama mwenye beseni, yote. "Sauti yako haina kasoro. Niliizamisha mimi. Nilikuonea wivu."

Ruthu alikuwa ameshika yai. Akaliweka mahali pake polepole.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na siku ile ya Pasaka, nakwambia nimerudisha joho, ulijua?"

"Nilijua."

"Ya wivu ningekusamehe leo hii, hata mimi nina wivu. Lakini ulinitazama najidharau, ukanishika mkono ukanisindikiza." Machozi yalimjaa, akayakataa. "Ondoka, Silvano."

Hakuwahi kumwita kwa jina lote.

Duka la jirani yake Ruthu lilikuwa na simu, na mwenye duka, Mzee Abdulrazaki, alikuwa na masikio. Silvano alipiga toka kibanda cha posta kila jioni.

"Shikamoo mzee. Naomba kuongea na Ruthu."

"Marahaba. Ngoja." Ikasikika minong'ono. "Anasema hayupo."

"Mzee, namsikia hapo."

"Hata mimi namwona. Lakini kasema hayupo, nami ni mtu mzima, siwezi kumwita binti wa watu mwongo."

Siku ya sita mzee alimwonea imani. "Kijana, hayupo kweli leo. Kaenda mazoezi ya kwaya. Wamemrudishia joho."

Silvano aliweka simu chini akalia, mtu mzima na ndevu zake, ndani ya kibanda cha vioo, na foleni inamtazama. Alifurahi kwa ajili yake. Akazidi kuona aibu, maana furaha yenyewe alikuwa ameipata kwa kuambiwa na muuza sukari.

Bendi ilikaa wiki tatu bila kugusa deki. Jumamosi ya nne, upepo umetulia, mlango wa uani ukagongwa. Ruthu alikuwa na gauni la rangi ya zabibu mbichi, nywele amezisuka upya, na hakutabasamu.

"Jamal, Anthony, hamjambo?"

"Hatujambo, shemeji," alisema Jamaldini, akaona neno limemponyoka. "Yaani, dada Ruthu."

"Washeni. Wimbo ule ule. Leo anaanza yeye, na gitaa peke yake." Alimnyooshea Silvano kidole. "Mwisho naimba mimi."

Hakuna aliyebisha. Silvano akaimba. Aliimba vizuri kuliko siku zote, labda kwa kuwa alijua anapokwenda. Ikapanda dramu juu yake, besi, kinanda, kinanda tena. Kila walipocheza kanda alijisikia akirudi nyuma hatua moja, na mvumo ukimfunika kama shuka. Alitazama sakafu. Kisha Ruthu akasimama mbele ya kipaza sauti, akaimba.

Waliposikiliza, chumba kilikuwa chake. Anthony alifuta macho akasingizia vumbi.

"Silva," Jamaldini alinong'ona, "kwani wewe umo humu?"

Ruthu aliinamisha sikio karibu na spika. Alisikiliza kwa muda mrefu.

"Yumo," alisema. "Mbali, lakini namsikia."

Wenzao walitoka nje kunywa maji ambayo hawakuwa na kiu nayo. Silvano alibaki ameshika waya, anauviringisha na kuuviringua.

"Ruthu, kanda hii ndiyo tutakayouza. Ile ya kwanza nimeiondoa vibandani."

"Nimeona."

"Na sina haki ya kuomba, ila naomba. Nimtume mshenga kwa mama yako?"

Alimtazama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo midomo yake ikalegea.

"Mama hajui kwa nini niliacha kwaya. Aliniuliza kila siku, nikamficha, nikikustahi. Uje wewe kwanza, peke yako. Ukae mbele yake umweleze ulichofanya, asisikie toka kwangu. Ukimaliza, akiwa bado hajakufukuza, ndipo umtaje mshenga."

Silvano alihisi masikio yakiwaka. Alimjua mama yake Ruthu, Mama Evarista: mwanamke mrefu, mwenye maneno machache, anayetazama mtu mpaka mtu akajieleza asiyoulizwa.

"Yote?"

"Yote. Na la Pasaka."

"Mpenzi, mbele ya mama yako! Hata sijui nitaanzaje."

Ruthu alimnyang'anya waya, akauweka juu ya deki.

"Anza na shikamoo," alisema. "Twende, yuko nyumbani sasa hivi."