Alasiri ya Pili, Njia ya Sichon

Dereva hakupiga honi.

Mastura aliliona hilo kutoka gari la nyuma. Kwenye kona ile ya kwenda Sichon pana kibanda cha mizimu, na dereva wa Kithai, awe wa lori au wa pikipiki, hapiti pale bila kupiga honi tatu za heshima. Lori la mafuta lilipiga. Basi la wanafunzi lilipiga. Wichian, kiongozi wao wa safari, aliyejisifu tangu asubuhi kwamba kazaliwa hapo hapo Sichon, alipita kimya kana kwamba ni kibanda cha sigara.

Ndani ya Hiace yake nyeupe walikuwemo watu wawili. Mak Embun, mama mzazi wa Mastura. Na Irdina, binti yake wa miaka saba.

"Abang, usimwache mbali," Mastura alimwambia mumewe.

Ridhwan alicheka, mikono kwenye usukani wa Proton yao. "Unamwonea wivu Mak? Yeye kapata kiyoyozi, sisi tumepata gunia la mchele."

Ridhwan alijua kwamba mkewe ni karani wa Idara ya Uvuvi kule Alor Setar, Malaysia. Miaka tisa ya ndoa, na hakujua kingine. Likizo hii ya kupita vijiji vya mwambao wa Thailand aliipanga yeye mwenyewe. Wakubwa wa Mastura katika idara ya ujasusi waliidandia tu. Walitaka jicho barabarani, kwa sababu kuna mabomu yaliyokuwa yakisafirishwa kwenda Khanom, kwenye hoteli ambako mawaziri wa ulinzi wangekutana jioni ile.

Wakati wa chakula cha mchana Mastura alimpiga Wichian picha ya kuiba. Sasa akaituma kwa wakubwa wake.

Dakika nne. Simu ikatetemeka pajani.

*Huyo si Wichian. Wichian wa kweli kaokotwa Songkhla asubuhi, maiti.*

*Ni nani?*

*Fundi wa mabomu tunayemtafuta. Mzigo uko naye. Kizuizi cha jeshi kilomita kumi na nane mbele yenu. Gari lenye bibi na mtoto halipekuliwi.*

*Wakilipekua?*

*Atalilipua. Watoe kabla ya hapo.*

Mastura alikwisha kutazama mdomo wa bastola mara mbili katika kazi hii, na mara zote mbili alirudi nyumbani akapika. Leo aliogopa kama mama yeyote.

Akachukua redio ya upepo, Baofeng ndogo waliyokuwa wakiitumia njiani. Nyingine alikuwa nayo Mak Embun, na yule mtu pembeni yake angesikia kila neno.

"Mak, Mak, unanipata?"

"Nakupata! Mwambie mumeo asitufuate kama mkia."

"Mak, kuna msikiti wa kijani mbele hapo. Tusimame tuswali Alasiri."

Saa saba mchana, kule Nakhon, Mak Embun mwenyewe ndiye aliyewapanga safu. Waliswali Adhuhuri na Alasiri kwa pamoja, kama msafiri anavyoruhusiwa. Alasiri ilikwisha kuswaliwa. Bibi huyo hajawahi kusahau swala maishani mwake, wala hajawahi kuiacha nafasi ya kumsahihisha binti yake.

"Alasiri?" redio ilikoroma. "We Mastura una wazimu? Si tulisha..."

Sauti ikakatika. Mastura akafumba macho.

"Si tulishachelewa!" alimalizia Mak Embun. "We kijana, simama hapo!"

Sauti ya mwanamume ikasikika nyuma yake. "Bibi, mtaswali Khanom. Dakika arobaini tu."

"Utanijibia wewe kwa Mungu? Simama. Na tumbo limenichafuka, nitakutapikia kwenye kiti."

Taa za breki ziliwaka.

Uani mwa msikiti, Mak Embun alishuka akiwa amemshika Irdina mkono. Yule mtu hakuzima injini.

"Mtoto abaki," alisema dirishani. "Jua kali."

"Ana miaka saba, huu ndio umri wa kufundishwa kuswali. Au wewe ndiye uliyemzaa?"

Wazee wawili waliokuwa wakitawadha walicheka. Yule mtu naye alitabasamu, lakini mkono wake wa kushoto haukuondoka kwenye Nokia kuukuu iliyogandishwa kwa utepe mweusi kwenye dashibodi.

Mak Embun alimpita binti yake bila kumtazama.

"Sijui unafanya nini," alinong'ona. "Ukimaliza utanieleza."

Bibi na mjukuu wakapotelea nyuma ya ukuta wa wanawake.

Mastura alifungua buti la Proton. Kwenye sufuria ya umeme ya kupikia wali, ambayo kila familia ya Kimalaysia huvuka nayo mpaka na hakuna askari anayeifunua, ilikuwemo bastola aina ya Glock 19 yenye kiwambo cha kuzuia sauti. Akavaa vazi lake jeupe la kuswalia, likamfunika mpaka magotini. Mkono wa kushoto ulibeba chai ya barafu ndani ya mfuko wa plastiki.

"Chai, ndugu yangu. Tutakuweka kidogo."

Yule mtu aliutazama mkono wenye chai. Kisha akautafuta wa pili.

Akajua.

Kidole kikairukia Nokia.

Risasi mbili zilipasua kitambaa cheupe. Mtu yule alilala ubavu juu ya kiti alichokuwa amekalia Mak Embun. Mastura akaibandua ile simu, akachomoa betri, kisha akapiga yake.

"Mzigo umesimama. Leteni wategua mabomu."

"Familia?"

"Hai."

"Ondoka hapo."

Alipogeuka, Ridhwan alikuwa amesimama na kandambili mkononi, mdomo wazi. Na Irdina alikuwa mbele yake. Alikuwa amemtoroka bibi yake aje kuchukua mdoli garini.

Mtoto aliyatazama matundu mawili yaliyoungua.

"Mama," alisema, "hiyo si nguo ya kuswalia?"

Mastura akanyoosha mkono. "Twende, mwanangu."

Irdina akaficha mikono yake mgongoni.

Mastura hakumlazimisha. Alilivua lile vazi, akalikunja matundu yakae ndani, akatembea mpaka kwenye Proton pasipo haraka. Mak Embun alikuwa amekwisha kutoka, akaingia kiti cha nyuma.

"Abang, washa gari," alisema, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo.

Irdina alikwenda kukaa nyuma, akajibanza kwa bibi yake.