Utepe wa Njano

Kila asubuhi Sisimizi alifagia uwanja kama mtu anayefukuzwa. Akifika nusu, aliutupa ufagio akakimbilia barabarani kuchungulia mtaro. Jina hilo alipewa na bibi yake, maana tangu alipoanza kutambaa hakuwahi kutulia mahali pamoja.

"Mtaro haukimbii," baba alimwambia. "Rudi umalizie kufagia."

"Wamefika wapi leo, baba?"

"Wapo pale pale ulipowaacha jana jioni."

Mafundi walikuwa wakilaza bomba jeusi la plastiki kando ya barabara. Ndani ya bomba hilo mlipita waya wa kuleta intaneti ya kasi shuleni na kwenye zahanati. Kabla ya hapo, mtu akitaka mtandao alipanda kichuguu cha nyuma ya shule na kuinua simu juu, utadhani anachuma matunda.

Jioni, wakiwa wanamenya maharage, bibi alianza mambo yake.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Mgeni wangu amelala chini ya ardhi, lakini anaongea na dunia nzima."

"Waya wa intaneti!" Sisimizi alidakia.

"Mtoto wewe! Ungengoja hata nimeze mate."

Wote walicheka, isipokuwa dada yake. Dada alikuwa ameitwa kwenye usaili wa chuo cha uuguzi. Angefanyiwa kwa video, kwenye kompyuta ya shule, Alhamisi asubuhi. Asiyeonekana kwenye kioo saa hiyo, nafasi yake angepewa mwingine. Kwa hiyo dada alikuwa akimenya maharage huku midomo yake ikijibu maswali ambayo bado hayajaulizwa.

Kabla ya kufika kwenye nyumba yao, fundi mkuu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kukwaruza, aliwakusanya wakazi wa kando ya barabara. Sisimizi alisikiliza kidogo tu, kisha miguu ikamwasha. Akaenda kuutazama mtambo wa kuchimbia. Hakumsikia fundi akisema, "Juu ya bomba tunafukia udongo, tunatandaza utepe wa njano, halafu tunafukia tena. Ukichimba ukaona njano, simama! Chini yake kuna waya."

Mchana huo mafundi walikwenda kula. Sisimizi na rafiki yake Kibogoyo, aliyeng'oka meno mawili ya mbele, waliukuta utepe umetandazwa mtaroni, bado haujafukiwa.

"Kamba yetu ya kuruka imekatika," alisema Sisimizi. "Na huu wanaufukia tu! Nani atauona huko chini?"

"Tuwaulize kwanza," alisema Kibogoyo.

"Watachelewa kurudi."

Aliukata utepe kuanzia kwenye uzio wa kwao hadi kwenye kalvati, pale maji yanapopita chini ya barabara, akasukumia udongo kwa miguu ili pasionekane kitu. Waliusuka utepe ule ukawa kamba nzuri, inayoteleza na kung'aa. Mafundi waliporudi walimalizia kufukia, wakasonga mbele.

Intaneti iliwashwa. Shuleni watoto walishangilia mpaka mwalimu mkuu akaziba masikio. Dada alijaribu kompyuta mara mbili, akarudi nyumbani anatabasamu.

Jumatano asubuhi baba alishika mtaimbo akaanza kuchimba mashimo ya nguzo za uzio. Alichimba taratibu, akiinama kila mara kutazama udongo. Hakuona njano, akaendelea. Mara mtaimbo ukagonga kitu. Krak! Shuleni kompyuta zote zikapoteza mtandao kwa pamoja.

Fundi mkuu alifika kwa pikipiki, buti zimejaa vumbi. Alitazama bomba lililopasuka, kisha akamtazama baba.

"Mzee, si niliwaambia? Njano!"

"Nilikuwa naitafuta, mama. Haikuwapo."

"Utepe tuliutandaza."

"Basi nionyeshe."

Jirani mmoja alicheka. "Utepe umeota miguu!" Wengine nao wakacheka. Baba aliinamisha kichwa, akajifuta jasho kwa kiganja. Sisimizi alikuwa nyuma ya mlango. Kamba ya njano ilikuwa imening'inia kwenye msumari, karibu kabisa na sikio lake.

Dada alisogea mbele. "Samahani, shangazi. Mtaunga leo? Kesho asubuhi nina usaili."

"Kuunga si kazi, mwanangu. Ni saa chache tu," alisema fundi. "Ila kama vijana wangu walisahau utepe hapa, huenda wamesahau kwingine. Kanuni yetu haituruhusu kuwasha kabla ya kukagua mtaro wote. Hiyo ni wiki nzima."

Dada alikaa chini pale pale, kwenye rundo la udongo.

Sisimizi alizunguka chumba. Alikaa kitandani, akasimama, akaenda dirishani, akarudi. Aliificha kamba chini ya mto, lakini aliiona hata ilipofichwa. Mwishowe aliichomoa akatoka nayo nje mbio, kabla miguu haijabadili mawazo.

"Hawakusahau!" alisema huku akilia. "Mimi niliutoa. Kutoka kwenye uzio hadi kwenye kalvati. Kwingine sikugusa. Baba hana kosa."

Fundi aliipokea kamba, akaifumua pole pole, akaupima utepe kando ya mtaro. Ulianzia kwenye uzio, ukaishia kwenye kalvati.

"Basi hakuna haja ya kufukua kwingine," alisema. "Leteni meza safi."

Alikata waya ulioharibika, akatoa nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, akaanza kuziunga moja moja kwa mashine ndogo. Sisimizi aliambiwa ashike mwavuli ili upepo usilete vumbi. Mikono ilimuuma, lakini hakusogea. Alasiri mwalimu mkuu alipiga kelele kutoka shuleni: mtandao umerudi!

Sisimizi alimwomba baba msamaha, na dada pia. Baba alimkalisha kando yake.

"Mwanangu, waya hauwezi kusema, 'Nipo hapa, msinikate.' Utepe ndio unaousemea. Ulipoutoa, ulininyima onyo. Hukujua, hilo nalielewa, ingawa ungeuliza ungejua. Lakini uliponisikia nachekwa ukanyamaza, hapo ulikuwa unajua. Kosa la kwanza lilitoka kwenye haraka yako, la pili kwenye kimya chako. Lililotuokoa leo ni kwamba ulisema. Siku nyingine uliza kwanza, na ukikosea, sema mapema."

Alhamisi dada alifanya usaili wake, akaonekana vizuri kwenye kioo. Jioni bibi alimletea Sisimizi kamba mpya ya katani.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Nikiufungia ndani, silali. Nikiutoa, nakoroma."

Safari hii Sisimizi hakudakia. Alifikiri mpaka bibi akamaliza kumeza mate.

"Ukweli, bibi," alisema, akaenda kulala.