Diski Iliyofungwa

Fundi cherehani wa mtaa huu anaitwa Pindo. Jina alilozaliwa nalo watu wamelisahau. Wanamwita Pindo kwa sababu pindo analoshona yeye halijawahi kwenda upande.

Alhamisi alifunga kazi mapema. Alifunika cherehani, akafagia vipande vya nyuzi, akatoa diski mpya kwenye mkoba.

"Baba watoto, njoo uone! Nyimbo za kiwanda zimetoka!"

Mumewe ni kinyozi. Alikuja mbio, kitambaa cha kunyolea bado kiko begani.

Zamani mama yake Pindo alifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo. Wafanyakazi walikuwa na kwaya yao. Walirekodi nyimbo kumi na mbili, na ule wa mwisho mama ndiye aliyeuongoza. Kisha mkanda ukapotea. Ni miaka arobaini sasa mama hajaisikia sauti yake ya ujana. Mkanda umepatikana, nyimbo zimewekwa kwenye diski, na mama anakuja Jumamosi. Masikio yake yanazidi kuwa mazito. Pindo alitaka mama asikie sasa, si mwakani.

Akatia diski kwenye deki. Deki ikaguna, ikanyamaza, ikaitema. Akairudisha. Ikaitema tena.

"Lo! Deki hii ina kiburi!" Akachungulia dirishani, akamwita jirani yake, fundi redio, ambaye wote humwita Dada Waya. "Dada Waya! Diski mpya, halali, nimeinunua dukani. Deki haiitaki!"

"Itakuwa imefungwa hiyo!" Dada Waya alijibu kutoka kwake. "Namalizia kuunga waya, nakuja."

Kinyozi akacheka. "Imefungwa mangapi? Mbili bila?"

"Si wakati wa mpira," alisema Pindo.

"Haya. Kama imefungwa, itafunguliwa." Kinyozi alidhani kuna nailoni nyembamba imebaki juu ya diski. Akachukua wembe, akaanza kukwangua upande wenye picha, taratibu, kama anachonga ndevu za bwana harusi.

Dada Waya alipoingia alipiga ukelele. "Wee! Weka wembe chini! Nyimbo zinakaa chini ya hiyo picha. Ukikwangua picha, umekwangua na nyimbo!"

"Nimenyoa ukingoni tu, shemeji."

Dada Waya akaigeuza diski kwenye mwanga. "Una bahati. Nyimbo hazijafika huku ukingoni. Sasa sikilizeni. Imefungwa maana yake ni kwamba watengenezaji wameitia kufuli, watu wasiinakili. Kufuli lenyewe halionekani kwa macho. Lakini linazichanganya baadhi ya deki, hasa za zamani. Zinashindwa kusoma hata diski halali."

"Yaani mlango umefungwa kwa ajili ya mwizi, halafu mwenye nyumba ndiye analala nje?" Pindo alikasirika kwelikweli.

"Ndivyo. Na una haki ya kukasirika."

Kinyozi hakungoja zaidi. Alitoka, na baada ya muda mfupi akarudi na diski nyingine ndani ya mfuko wa nailoni. "Ya pale kona. Muuzaji kaniapia kabisa, hii ni kopi orijino!"

"Kopi orijino ndiyo mnyama gani?" aliuliza Dada Waya.

Deki ikaipokea mara moja. Kinyozi akajipiga kifua. Wakasikiliza, wakacheza, mpaka wimbo wa kumi na mbili. Sauti ya mwanamke ikapanda, nzuri ajabu. Pindo akaruka. "Mama huyo!" Mara, krrr! Kimya. Wimbo ulikuwa umekatwa katikati.

Pindo alikaa kitini, machozi yakamlenga.

"Namrudishia sasa hivi!" alifoka kinyozi.

"Kakupa risiti?" aliuliza Dada Waya.

"Risiti? Hata meza hana."

"Basi umenunua hewa. Mwenye nakala ya wizi hana wa kumuuliza. Tena, diski halali ikiuzwa, waimbaji wanapata fungu lao. Hii haiwapi hata asante. Na mwimbaji mmojawapo unamjua."

Kinyozi alishika kichwa. "Ala! Nimemwibia mama mkwe! Jamani, nisitirini."

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kisha Pindo akafuta macho. "Sasa nifanyeje?"

"Risiti ya dukani unayo?"

"Mimi hata uzi situpi."

"Vizuri. Soma maandishi ya nyuma ya kasha. Wanapaswa kusema diski inacheza kwenye mashine gani."

Pindo akasoma polepole, kwa kidole. Hakukuwa na onyo lolote.

"Basi kesho beba diski, kasha na risiti," alisema Dada Waya. "Usigombane. Dai haki yako kwa utulivu."

Ijumaa asubuhi mwenye duka alitikisa kichwa. "Mama, diski ikishafunguliwa hairudishwi."

"Sikuifungua, kaka. Yenyewe ndiyo imefungwa. Nilinunua nyimbo. Hebu itie kwenye deki yako."

Akaitia. Deki ya dukani nayo ikaitema. Wateja wakaangua kicheko, na mwenye duka akashindwa kujizuia, akacheka pia.

"Na huku ukingoni?" aliuliza, akionyesha palipokwanguliwa.

"Huko alipita kinyozi," Pindo alisema ukweli wake.

Mwenye duka akawapigia simu waliomletea mzigo. Kumbe walalamikaji walikuwa wengi, na diski zisizo na kufuli zilikwisha kutengenezwa. Mchana Pindo akabadilishiwa. Aliijaribu palepale mpaka wimbo wa mwisho. Tangu siku hiyo, katika duka lile hakuna anayelipa kabla ya kujaribu diski yake.

Jumamosi mama alikaa karibu kabisa na spika. Wimbo wa kumi na mbili ulipoanza, akamshika Pindo mkono.

"Ni mimi," alisema. "Jamani, ni mimi!"

Sauti ilipanda, ikapanda, mara pumzi ikakatika kidogo, kisha ikaendelea.

"Hapo ulikosea, mama!" kinyozi alimtania.

"Nikosee mimi?" Mama alicheka, machozi yakimtoka. "Nilikuwa na mimba ya miezi saba. Huyu mkeo ndiye aliyenipiga teke."

Akamgeukia Pindo. "Rudisha hapo, mwanangu. Hapo tumeimba wote wawili."