Nyuzi za Mzee Obore

Vayolini mbili, vayola moja na selo moja: vyombo vinne. Amuge alivihesabu mara tatu kutoka safu ya mbele, kisha akamgusa kaka yake kiwikoni.

"Ebong, mbona nasikia sauti ya tano?"

"Unasikia ushamba wako," Ebong alimjibu akibenua mdomo.

Huyo ndiye Ebong, wakala wa kupitisha mizigo mpakani Malaba, aliyevimba kichwa tangu binti yake Phiona aingie katika kundi la wapiga nyuzi wanne wanaosifiwa mpaka Ulaya. Alikuwa amelileta kundi zima Tororo, kwenye ukumbi wa kanisa, Jumamosi mchana, ili watu wa kwao waonje ustaarabu. Watu wenyewe aliwadharau. Kila vyombo viliponyamaza kidogo walipiga makofi, naye akawageukia kwa jicho kali, ingawa hata yeye hakujua wimbo unaishia wapi. Alikuwa akingoja Phiona ashushe upinde.

Ukingoni mwa jukwaa, kati ya maua ya plastiki, alikuwa ameweka adeudeu, kinubi cha marehemu baba yao, Mzee Obore, eti pambo. Katika ukoo wao wa Merikit, mpiga adeudeu akifa, mwanawe mkubwa hulegeza nyuzi kabla jeneza halijafungwa, ili mzee aondoke na muziki wake. Mwaka jana Ebong alikataa mbele ya waombolezaji wote. Alisema kinubi kilicholegea hakipendezi ukutani. Akakibeba hivyo hivyo, nyuzi zote tano zimekazwa.

Sasa harufu ya ajono, ile pombe ya wimbi inayonywewa moto kwa mirija, ilianza kupanda ukumbini, ambamo hakuna aliyeruhusiwa kuingia hata na soda. Ebong alinusa, akawalaani walevi wa mjini. Kisha akaona nyuzi za adeudeu zinatetemeka zenyewe.

Phiona aliacha kutazama karatasi ya muziki. Wenzake watatu walishusha pinde zao mmoja mmoja wakimshangaa, lakini yeye aliendelea, macho ameyafumba, bega la kushoto limeinuka kama lilivyokuwa likiinuka la Mzee Obore sherehe ikikolea, akipiga wimbo wa kijijini ambao hakuna aliyewahi kumfundisha, kwa kasi iliyozidi kupanda, hadi vidole vya mkono wake wa kushoto vikachanika na damu ikateremka kwenye blauzi yake nyeupe, na bado hakusimama, na Ebong akasikia, kutoka penye maua ya plastiki, kikohozi kikavu cha baba yake.

"Papa, nisaidie," Phiona alisema bila kufumbua macho. "Hii vidole si yangu."

"Legeza nyuzi!" Amuge alinong'ona. "Wewe ndio mkubwa. Legeza pole pole, omba mzee msamaha."

"Mbele ya hawa watu? Mimi niombe kipande ya mti msamaha?"

Alikuwa akiogopa, lakini aibu ilimshinda nguvu. Alipanda jukwaani akitabasamu kama mtu anayepanga maua, akachomoa kisu kidogo cha kufungulia mizigo, akazikata nyuzi zote tano kwa mkupuo mmoja, bila neno.

Muziki ukakatika. Kwa mara ya kwanza siku ile watu walijua wimbo umekwisha, wakapiga makofi kwa nguvu. Ebong, mpumbavu yule, akawainamia.

Nyuma yake vayolini ilianguka sakafuni. Phiona alikuwa ameuinua mkono wake wa kushoto mbele ya uso, na vidole vyote vitano vilining'inia, havina uhai.

"Nilisema ulegeze," Amuge alilia. "Nani alikuambia ukate?"

Hapo ndipo Ebong alipopiga magoti mbele ya wote, akiokota vipande vya nyuzi na kujaribu kuviunga. "Baba, nisamehe. Mrudishie mtoto mkono yake. Mimi ndio nilikosa."

Kikohozi kikavu kilimjibu. Safari hii kilitoka kooni mwa Phiona.