Ulimi wa Mpishi

Shuleni kwetu tulikuwa wasichana sabini na wawili, masista watatu, walimu saba na mpishi mmoja. Kila siku mambo yalikwenda vilevile. Tulitandika vitanda, tukadeki bweni, tukaingia kanisani na macho mekundu, kisha tukaenda bwaloni kujua leo chumvi imeamuaje. Nasema imeamuaje kwa sababu muhula ule chumvi ilikuwa na akili zake. Jumanne maharage yalikuwa makali hata tukamaliza ndoo mbili za maji. Jumatano yalikuwa kama yameoshwa yakasahauliwa. Mimi, niliyepewa jina la Wakili kwa kupenda kutetea kesi zisizonihusu, niliona huo ni uonevu unaohitaji hatua.

Hatua yenyewe niliipata kwenye meza ya nyuma kanisani, palipokuwa na kopo la biskuti lenye tundu kwenye kifuniko. Hilo ndilo lililokuwa sanduku letu la maombi. Mwenye shida aliandika kikaratasi bila jina, akakitumbukiza, na kila Ijumaa asubuhi Sista Mkuu alivisoma vyote kwa sauti, neno kwa neno. Alikuwa ametuahidi kwamba hatavichungulia kabla. Halafu tuliomba pamoja, na mara nyingi mambo hayakuishia kwenye kupiga magoti. Aliyeandika kwamba hesabu za sehemu zinamliza alijikuta ana dada wawili wa kumfundisha. Aliyeandika kwamba paa la bibi yake limeezuliwa na upepo aliwaona walimu watatu wakipanda ngazi siku ya Jumamosi, misumari mdomoni. Kopo lile liliheshimiwa, nami nililijua hilo vizuri. Ndiyo maana nikalichagua.

Niliandika kwa mkono wa kushoto ili mwandiko usitambulike: "Tumwombee mpishi wetu. Ulimi wake umefariki, haujui tena chumvi wala sukari. Bwana aufufue kabla na sisi hatujafariki."

Sista Mkuu alikisoma kwa sauti ileile aliyosomea habari za wagonjwa na yatima, na hiyo ndiyo iliyotumaliza. Kicheko kilipita safu kwa safu. Niligeuka kidogo kumtazama mpishi mwenyewe, tuliyemwita Mama Jikoni, ambaye kila Ijumaa alikaa benchi la mwisho na aproni yake. Nilitegemea atatutikisia kidole, maana alikuwa mtu wa utani. Badala yake aliinuka, akaufunika mdomo kwa kiganja, akatoka nje.

Kicheko kikakatika. Kando yangu alikaa rafiki yangu Kimya, msichana ambaye maneno yake ya wiki nzima yangeenea kwenye kikaratasi kimoja. Alikuwa ameng'ang'ania ukingo wa benchi kana kwamba kanisa linaondoka. Sista Mkuu hakukemea. Alisema tu tuombe, tukaomba, vibaya.

Mchana nilipeleka sahani jikoni. Mlango ulikuwa nusu wazi, nikaisikia sauti ya Mama Jikoni, ya chini, isiyo na utani.

"Nilikuamini wewe peke yako, mwanangu."

"Si mimi, Mama," Kimya alijibu.

"Sasa nani mwingine alijua? Sufuria?"

Nilisimama na sahani zangu thelathini, habari ikanifikia vipande vipande. Tangu mafua makali ya mwanzo wa muhula, Mama Jikoni alikuwa hasikii harufu wala ladha. Alificha, akiogopa kwamba mpishi asiyeonja atarudishwa kwao, na kwao kulikuwa na watoto wanne waliomtegemea yeye tu. Kimya aligundua akiwa zamu ya jikoni, na tangu hapo akawa anamwonjea kila siku aliyoweza kupenya. Siku alizokosa, ndizo siku chumvi ilipojiamulia mambo. Sasa Mama Jikoni alikuwa anakwenda kwa Sista Mkuu kuaga mwenyewe, kabla hajafukuzwa.

Wakili aliye ndani yangu alisimama mara moja kunitetea. Sikujua kwamba anaumwa. Karatasi haina jina. Wiki ijayo yatakuwa yamesahaulika. Niliwaza hata kutumbukiza kikaratasi cha pili, kusema kwamba cha kwanza kilikuwa mzaha. Lakini kikaratasi kisicho na jina ndicho kilichomponza Kimya, na cha pili kingeonekana amekiandika yeye ili kujiokoa. Kesi yangu ilianguka palepale, kwenye korido.

Nilimkuta Kimya kwenye karo nyuma ya jiko, akisugua sufuria iliyokwisha kung'aa. Nikamwambia kwamba ni mimi. Hakunipiga, ingawa nilikuwa nimejiandaa. Aliendelea kusugua.

"Usiniambie mimi," alisema. "Mimi najua kwamba siyo mimi."

Kwa Kimya hiyo ilikuwa hotuba. Nikatua sahani, nikaenda ofisini kwa miguu isiyotaka kwenda.

Mama Jikoni alikuwa tayari ameketi mbele ya meza, aproni imekunjwa mara nne juu ya magoti. Sista Mkuu aliniambia nisubiri nje. Nikamjibu kwamba nikisubiri nje nitakimbia. Akanionyesha mahali pa kusimama.

Nilieleza yote, kuanzia mkono wa kushoto. Nilieleza kwamba Kimya hakumwambia mtu yeyote, hata mimi ninayelala kitanda cha juu yake.

"Ulijua kwamba mpishi anaumwa?" Sista Mkuu aliuliza.

"Hapana, Sista. Nilikuwa natania."

"Kwa hiyo asubuhi ulisema kweli kwa bahati mbaya. Sasa umeisema kwa makusudi. Ni maendeleo."

Kisha akamgeukia Mama Jikoni, akamwuliza kwa upole kwa nini alikaa kimya siku zote hizo. Mama alijibu kwamba mpishi asiyeonja ni kama dereva asiyeona. Sista akakubali kwamba dereva wa namna hiyo hushushwa kwenye usukani, lakini hupelekwa kwa daktari, haachwi njiani. Jumatatu Mama angekwenda zahanati, na kazi yake ingebaki yake. Mimi jioni ileile ningesimama mbele ya shule nzima na kutaja jina langu. Tena, kuanzia kesho, ningekuwa mwonjaji wa kila sufuria, asubuhi, mchana na jioni, mpaka Mama apone.

Niliuliza, je, asipopona?

"Basi utamaliza shule umeshiba," alisema Sista Mkuu.

Jioni nilisimama. Nilimwomba msamaha Mama Jikoni, kisha Kimya, na kwa mara ya kwanza niliongea mbele ya watu bila mtu kucheka. Mama Jikoni alimfuata Kimya kwenye benchi lake, akamkumbatia, akambana hata kilemba kikamteleza. Mimi hakunisemesha siku tatu, isipokuwa kuuliza, "Chumvi?"

Ijumaa iliyofuata kopo lilikuwa tupu. Iliyofuata pia. Sista Mkuu alilifungua, akatuonyesha ndani, akalifunga. Nilielewa: hakuna aliyetaka tena shida yake ichekwe. Ijumaa ya tatu kulikuwa na kikaratasi kimoja, nilichokiandika mimi, cha kuomba kuni kavu jikoni na kwamba nisikate tamaa, na chini yake jina langu lote. Wasichana wanne walikuja na kuni. Ijumaa ya nne vikaratasi vilikuwa vitano, na sikuvijua ni vya nani.

Kazi yenyewe haikuwa ya kuchezea. Nililazimika kuamka kabla ya wenzangu wote. Niliungua ulimi mara kumi na moja. Nilijifunza kwamba chumvi hutiwa kidogo, husubiriwa, ndipo huonjwa, na Kimya akanifundisha kusukutua maji kati ya sufuria na sufuria. Zahanati walimpa Mama dawa, wakamwagiza anuse vitu vikali kila asubuhi: karafuu, limau, kahawa. Alfajiri baada ya alfajiri aliinamia kikopo cha karafuu, akasema hasikii kitu, akavuta pumzi, akanusa tena.

Wiki ya tisa nilikuwa nimesimama juu ya maharage, nikimsimulia Kimya kisa kirefu, na Mama Jikoni yuko stoo akipima mchele.

"Wakili," aliita, "kuna kitu kinaungua."

Nikakoroga. Kweli, chini palikuwa pameshika. Mimi mwenye pua nzima sikuwa nimesikia chochote. Huko stoo ndoo ya mchele ikaanguka. Mama akatoka mbio, akauinamia ule moshi mchungu na kuuvuta kama manukato, machozi yakimtiririka.

Alipojifuta alitushika mikono, mimi na Kimya.

"Mimi nilificha ugonjwa wangu, na wewe ulificha jina lako," aliniambia. "Tukajiona tuko salama. Mzigo wetu wote akaubeba huyu, ambaye hakuwa na kosa. Siku ukitaka kuficha jambo, kwanza mtafute atakayelibeba badala yako. Ukimwona, nenda ukaseme."

Nikachukua upawa, Kimya akaleta sufuria safi, tukaanza kuyaokoa maharage ya juu kabla wasichana hawajaingia bwaloni.